Jinsi ya kuunda pikipiki ya milimani kwa spea za pikipiki tofauti: mwongozo kamili

Fremu yenye kadi ya usajili ndiyo pikipiki. Injini, magurudumu, shokapu, tangi na siti vyote ni spea, vinaingia na kutoka. Anayelielewa hilo mapema atamaliza kazi na atatembea barabarani kwa amani. Asiyelielewa ataishia na chombo kizuri kinachofunikwa turubai nyuma ya nyumba, kwa sababu kila kikitoka kinarudi na kesi.

Mwongozo huu ni wa pikipiki ya kazi kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini: kona za Mbeya hadi Tukuyu, vumbi la njia za machimboni Chunya, tope la Umalila mvua zikishika. Nimemlenga mtu anayeshika spana mwenyewe, mwenye fundi wa kuchomelea jirani na fundi wa kukereza vyuma mjini. Mambo ya kupaka rangi na kushona siti sitayagusa; kila mtaa una fundi wake. Nitakaa zaidi kwenye mbele ya pikipiki, mstari wa magurudumu na breki, maana hapo ndipo pikipiki za kuunganisha zinapovunja watu.

Ili tusizunguke, nitatumia mfano mmoja: fremu ya Kichina ya muundo wa CG (nakala ya Honda CG125), injini ya CG 150, mbele ya Honda XL125 au Yamaha DT125 yenye gurudumu la inchi 21, nyuma rimu ya inchi 18 ya spoku. Ni mchanganyiko unaopatikana ukizunguka mafundi na wauza vyuma chakavu wa Mwanjelwa, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, na unapanda mlima na mzigo.

Fremu na karatasi zake

Nunua fremu ambayo namba iliyogongwa kwenye shingo (bomba la mbele linaloshika usukani) inasomeka yote, na kadi halisi iko mkononi mwa muuzaji. Soma tarakimu moja moja, kadi ikiwa pembeni ya shingo. Namba iliyopitiwa grenda, herufi zilizogongwa upya zikapishana urefu, au hadithi ya "kadi ipo kwa braza Tunduma, nitakutumia": achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Jina la kwenye kadi lifanane na la kitambulisho cha anayekuuzia. Kama siyo lake, mwenye jina aje mwenyewe. Andikishianeni kwa wakili, mkataba ukiwa na namba ya usajili (ile inayoanza na MC), namba ya fremu na namba ya injini, kisha hamisha umiliki TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujachomelea hata nati.

Injini nayo ina namba yake, na namba hiyo imo kwenye kadi. Ukifunga injini nyingine, kadi inakuwa inasema jambo lisilokuwepo mpaka taarifa zirekebishwe TRA. Kwa hiyo injini mpya idai risiti yenye namba. Ya mtumba idai mkataba na nakala ya kadi ya pikipiki ilikotoka. Askari akikusimamisha Uyole na kukuta namba mbili zinazogombana, "afande, niliinunua kihalali" haitoshi.

Sasa chuma chenyewe. Osha fremu kwa dizeli na brashi ya waya mpaka uone kiungo kwa kiungo. Fremu iliyobeba lumbesa za viazi huanza kupasuka pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu, na ufa wake mwanzoni ni mwembamba, unaonekana kama mstari wa kutu. Rangi iliyokunjamana chini ya shingo maana yake ilishagonga kitu kwa mbele. Funga uzi kwenye shingo, uvute hadi mwisho wa fremu upande wa kushoto, kisha wa kulia, upime umbali wa uzi kutoka kwenye bomba la katikati. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita chache, fremu imepinda. Kuna mafundi wanaonyoosha kwa jeki na moto. Mimi fremu iliyopinda shingo siinunui.

Injini

Nashikilia CG kwa sababu moja: haina cheni ya taimingi. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa masoko ya nchi ambazo matengenezo ni ya kubahatisha, wakaiweka kemshafti (mhimili unaofungua valvu) chini karibu na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), inaendeshwa na gia, na valvu zinasukumwa kwa fimbo mbili ndefu. Wachina wameinakili miaka yote, ndiyo maana spea zake unazikuta hadi kwenye duka la kijijini linalouza pia sukari na mafuta ya taa. Boxer ni injini nzuri na inakula mafuta kidogo, lakini matundu yake ya kufungia hayalingani na fremu ya CG, utaunda vishikio vyote upya. DT ya mipigo miwili inapanda mlima vizuri mno, ila ikishuka injini haikusaidii kushikilia mwendo, na sisi tunashuka sana.

Kuhusu ukubwa kwa sentimita za ujazo, 125 na 150 zina mwendo uleule wa pistoni, milimita 49.5, tofauti ni upana wa silinda, 56.5 kwa 62. Ya 200 pistoni inatembea milimita 62.2, kwa hiyo silinda ni ndefu na kichwa kinaweza kukosa nafasi chini ya bomba la juu la fremu. Pima kabla ya kulipa. Na kumbuka tunaishi juu: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ikipungua nguvu nayo inapungua, takribani moja ya sita. Injini ya 125 inayotoa nguvu za farasi 11 pwani, hapa inabaki na kama 9. Ndiyo maana nachagua 150 kwa mtu wa mzigo.

Injini ya mtumba ikaguliwe hivi. Toa oili kwenye kopo jeupe, pitisha sumaku. Unga mweusi kidogo si kitu, vipande vinavyong'aa ni gia au beringi. Piga kiki plagi ikiwa imefungwa: mguu ukishuka bila upinzani, mgandamizo hakuna. Shika fraiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki), uisukume juu na chini. Isicheze hata kidogo. Muuzaji akikubali mfungue kichwa na silinda, vuta koneksheni (fimbo inayounga pistoni na krenki) juu na chini bila kuizungusha. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida, kucheza juu na chini ni krenki ya kubadilisha. Ukishaifunga, nafasi ya valvu iwe milimita 0.08 injini ikiwa baridi, plagi iwe na mwanya wa 0.6 hadi 0.7, na oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humohumo.

Mbele: shokapu na usukani

Watu wengi huangalia kama mbele ya XL "inaingia" kwenye shingo ya CG, ikiingia wanafunga na kuondoka. Kuingia siyo kazi. Pima vitu vitatu kwa vernia (kipimo cha kubana cha milimita): kipenyo cha ndani cha shingo juu na chini, urefu wa shingo, na urefu na unene wa mhimili wa usukani wa hiyo mbele unayoileta. Mhimili ukiwa na unene tofauti, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza vikombe vya gololi vya kuziba tofauti hiyo, au akautoa mhimili kwa presi na kuweka ule wa CG kwenye kishikio cha chini cha shokapu. Akikuambia atakata mhimili na kuuunga katikati kwa kuchomelea, chukua vitu vyako uondoke. Chuma hicho kikikatika huna usukani.

Kisha hesabu ya kimo. Tairi la 2.75 kwenye rimu ya 21 limezidi lile la rimu ya 18 kwa karibu milimita 38 kutoka ekseli hadi chini. Ongeza urefu wa shokapu za XL, mbele inaweza kunyanyuka milimita 60 au zaidi. Kwenye pikipiki yenye urefu wa mita 1.28 kati ya ekseli na ekseli, milimita 60 zinailaza shingo nyuma kwa karibu nyuzi 2.7. Utaihisi: usukani unakuwa mzito kwenye kona fupi na mbele inaelea ukipakia gunia nyuma.

Dawa ni mbili, na mara nyingi unazitumia zote. Pandisha mabomba ya shokapu ndani ya vishikio vyake milimita 20 hadi 30, halafu toa springi, bonyeza mbele mpaka mwisho na uhakikishe tairi haligusi kishikio cha chini. Pili, weka shokapu ndefu zaidi nyuma ili kurudisha usawa.

Ukimaliza, pima hivi pikipiki ikiwa imesimama wima na mtu kaketi. Chukua ubao ulionyooka, ulaze kufuata katikati ya shingo (siyo kufuata shokapu, ambazo zimekaa mbele kidogo) mpaka uguse sakafu, weka alama ya chaki. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka katikati ya ekseli ya mbele, weka alama nyingine pale nati inapoelekeza. Alama ya ubao lazima iwe mbele ya alama ya uzi, kwa kati ya milimita 80 na 120. Ikiwa chini ya hapo, usukani utatetemeka ukishuka kwa kasi. Ikizidi sana, utapigana nao kwenye njia za mashambani.

Magurudumu na mstari

Anza na beringi na ekseli. Habu (vitovu vya magurudumu) nyingi ndogo za mbele zina beringi 6301, tundu milimita 12. Nyuma mara nyingi 6302, tundu 15. Ekseli ya 12 kwenye beringi ya 15 inacheza, na nimeona mafundi wakiikaza kwa kuizungushia bati la kopo. Bati linasagika, gurudumu linaanza kuyumba, na halikuchagulii pa kuyumbia. Kerezesha bushi ya chuma, ni kazi ya nusu saa.

Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, kuna bomba la kutenganisha. Ukichanganya habu na ekseli za pikipiki tofauti, hilo ndilo linalosahaulika. Likiwa fupi, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi kwa ubavu. Gurudumu linazunguka kwa uzito, na beringi zinakufa mapema bila wewe kujua sababu. Kaza nati, zungusha gurudumu kwa kidole. Likigoma, bomba ni fupi.

Mstari sasa. Simamisha pikipiki wima kwa matofali, usukani ukiwa umenyooka. Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele ya tairi la mbele, uguse ubavu wa tairi la nyuma mahali pawili, mbele na nyuma. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo uzi hautaligusa. Kinachotakiwa ni mwanya uleule kushoto na kulia. Kushoto 9, kulia 15? Basi gurudumu moja limekaa pembeni kwa milimita 3. Rekebisha kwa bushi za ekseli au kwa kuvuta spoku upande mmoja, kamwe usirekebishe kwa kupindisha uma wa nyuma, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma.

Kukalisha injini na kuchomelea

Hapa mpangilio ni kinyume cha watu wanavyodhani. Usifunge injini kwanza halafu ukatafuta gurudumu. Gurudumu la nyuma likae katikati kwanza, ndipo injini isogezwe mpaka sproketi ndogo (gurudumu la meno la cheni kwenye injini) iangalie sproketi kubwa ya nyuma. Weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi kubwa, ielekeze mbele. Iguse sproketi ndogo bapa. Tumia injini tupu kama unayo, kasha bila vitu vya ndani, ni nyepesi kushika.

Vishikio vikatwe kwenye bati la milimita 6. Piga nukta nukta kwanza, funga bolti zote, hakiki mstari tena, ndipo uchomelee moja kwa moja, ukihama upande hadi upande ili joto lisivute fremu. Betri na CDI (kisanduku kinachoamuru cheche) visiwepo kwenye pikipiki wakati huo. Na kibanio cha athi (waya wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea) kishike chuma kilekile unachochomelea, karibu kabisa. Kikiwekwa kwenye ekseli ya nyuma, umeme unapita katikati ya gololi za beringi na kuzitoboa vishimo.

Cheni na gia za mlima

Cheni ya 428 na ya 420 zina hatua moja ya milimita 12.7, tofauti ni upana, kwa hiyo 428 itakaa kwenye sproketi ya 420 huku ikichezacheza pembeni, na 420 haitaingia kwenye sproketi ya 428. Fanya zote tatu, cheni na sproketi mbili, ziwe 428.

Kwa mlima, gawa meno ya nyuma kwa ya mbele. 15 kwa 38 ni 2.5, hiyo ni gia ya lami ya tambarare, ukienda Usangu utaipenda. 14 kwa 42 ni 3.0, ndiyo naipendekeza kwa Mbeya na Njombe. Mtu wa Ilembo anayebeba viazi aende 13 kwa 42, itakuwa 3.2. Jino moja mbele ni sawa na kama matatu nyuma, na sproketi ndogo ni ya bei ndogo, kwa hiyo jaribu kwanza mbele.

Ulegevu wa cheni upimwe mtu akiwa amekaa, kwa sababu cheni hukaza zaidi pale sproketi ndogo, pini ya uma wa nyuma na ekseli vinapokuwa mstari mmoja. Ukiwa umeinyanyua nyuma kwa shokapu ndefu, cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu itakatika ukiingia shimo na mzigo.

Breki

Mteremko wa Mbalizi, Kitonga, kushuka Tukuyu kwenda Kyela: breki zako zitapikwa. Kwenye pikipiki ya kuunganisha, kitu cha kwanza kuangalia ni fimbo inayoishikilia sahani ya breki ya nyuma kwenye uma. Habu ya pikipiki moja kwenye uma wa nyingine mara nyingi inakosa pa kufungia fimbo hiyo, na watu huiacha au huifunga kwa waya. Ukikanyaga breki kwa nguvu, sahani yenyewe inazunguka na gurudumu, inavuta fimbo ya pedali, na tairi linagoma ghafla. Chomelea sikio la chuma cha milimita 6 kwenye uma, funga fimbo kwa bolti ngumu, na kila nati hapo iwe na pini.

Mkono mdogo wa kwenye dramu uwe na pembe ya mraba na fimbo ya pedali pale breki inapoanza kushika. Ukiwa umelala, unakanyaga sana na kupata kidogo. Kama mbele ni disiki, chukua pampu ya mkononi na kalipa (inayobana disiki) ya pikipiki moja. Pampu ndogo kwenye kalipa kubwa inazama hadi kwenye hendeli; kinyume chake inakuwa ngumu kama jiwe. Oili iwe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema.

Umeme

Magneto (inayozalisha umeme), CDI, koili na reguleta (inayodhibiti umeme wa kuchaji betri) visitenganishwe: vitoke kwa pikipiki moja, ikiwezekana pamoja na waya zake. Kuna CDI inayokula umeme wa magneto na kuna inayokula wa betri, na kwa nje zinafanana. Ukizichanganya utabadilisha plagi wiki nzima bila kupata cheche. Kwenye CG nyingi za Kichina, nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme wa CDI, bluu yenye mstari mweupe ni ya kupiga cheche kwa wakati, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzima, kijani ni athi. Athi ifungwe kwenye chuma kisicho na rangi. Injini ikiwaka na kupandishwa moto kidogo, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15, reguleta imekufa.

Kabureta na majaribio

Kabureta iliyopangiwa pwani, hapa inamwaga mafuta mengi kuliko hewa. Plagi inakuwa nyeusi ya masizi, pikipiki inakohoa ikipanda. Shusha jeti kubwa (kitundu kikuu cha mafuta) namba moja au mbili, na kama bado, pandisha kipini cha sindano ngazi moja ili sindano ishuke. Skrubu ya pembeni ichezwe injini ikiwa imepata moto: iliyo upande wa ea klina (kichujio cha hewa) ni ya hewa, ukiifungua unapunguza ukali wa mafuta, iliyo upande wa injini ni ya mafuta, inafanya kinyume.

Majaribio yaanze uwanjani, breki tu, mwendo wa kutembea. Kisha Uyole hadi Igawilo na kurudi, bila abiria. Ukirudi, kaza upya vishikio vya injini na ekseli, na gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Inayotoa sauti ya chini kuliko wenzake imelegea. Kama injini umeibadilishia pistoni na ringi, oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 500.

Mtihani wa mwisho ni Kyela. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kwa hiyo kutoka Mbeya unashuka zaidi ya mita 1,000 na hewa inaongezeka. Jeti uliyoipunguza kwa ajili ya Mbeya huku chini inaweza kuwa ndogo mno. Mahali penye tambarare, vuta gia ya tatu kwa nguvu, bana klachi, zima injini palepale, weka pembeni na ufungue plagi. Rangi ya kahawia, endelea na safari. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua: rudisha jeti ya namba moja juu kabla hujapakia mzigo wa mchele wa kurudi nao.